Kuku wa Mama na Moto wa Nyogokuru

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, mama yangu alikuwa na kuku mmoja wa kwake. Wengine wote pale uani petu Gisenyi, mpakani na Goma, walikuwa wa Nyogokuru, yaani bibi yangu mzaa baba, mwenye nyumba. Huyu mmoja mama alimnunua mwenyewe sokoni Mahoko, akamwita Mahoko, na asubuhi alimtupia punje za mahindi kabla hajatupa sisi chai. Tuliona wivu, nisiseme uongo.

Siku moja Mahoko alitoka nje ya lango akagongwa na pikipiki, mguu ukavunjika. Baba alishachukua kisu. Mama akampokonya kuku, akaufunga mguu kwa vijiti na kipande cha kitenge, akamlaza jikoni chini ya tenga. Kuku akakaa humo majuma mengi, akila ugali na makombo ya maharage, akanenepa kuliko sote.

Mguu ulipopona, mama akamtoa uani mchana kweupe, uso wote furaha. Lo! Wenzake walimtazama kama hawajawahi kumwona. Kisha yule mweusi, mbabe wao, akamrukia, na wengine wakafuata, wakamdonoa kichwani mpaka damu ikamwagika. Kuku akishaona damu ya mwenzake hana huruma tena, huzidi kudonoa. Mama akamrudisha jikoni. Kesho yake akajaribu tena, mambo yakawa yale yale.

"Utamlea jikoni mpaka lini?" baba akauliza. "Dada zangu wanavuka kutoka Goma Jumapili. Awe kitoweo chao." Baba hakuwa mtu mbaya, ila kwake kuku alikuwa kuku. Nilimwona mama anasugua sufuria ambayo ilikwisha takata zamani.

Hapo ndipo Nyogokuru alipoingilia. Alikuwa ameuza nyanya Goma miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Mama alikulia Tanzania, na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuokoteza. Basi wawili hao walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikicheka cha mwenzake.

"Mama Keza," alimwambia mama, Keza nikiwa mimi, "hii kuku yako, nyumba ilishaisahau. Kuku yenye inalala mbali na wenzake inakuwa mugeni. Unaizungusha moto, unaiambia hapa ni wapi. Kama haiko vile, wataiua."

Habari ya kuku mgeni kuzungushwa mafiga ili asipotee naijua tangu utoto, na hata leo wapo wanaofanya hivyo. Lakini mama alikuwa mwanakwaya.

"Mama, mimi nimeokoka. Sizungushi kuku motoni kama mganga."

"Bon. Basi Jumapili wataikula."

Jumamosi jua likielekea kuzama, mama akatoka jikoni na Mahoko kwapani. Mafiga hatukuwa nayo, tulipikia jiko la makaa, lile ambalo huku tunaliita mbabula. Akaanza kulizunguka polepole huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti, nadhani ili Mungu asije akaelewa vibaya. Mimi nilikuwa nikichambua maharage, nikauma mdomo nisicheke.

"Mungu ameshakusikia," Nyogokuru akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Sasa ongea na kuku."

Mama akasimama. "Mahoko, umerudi. Hapa ni kwao."

"Kwao nani?"

"Si ni kwao Baba Keza? Kwenu."

Alilisema bila kinyongo, kama mtu anavyotaja jina la mtaa. Nami nikatambua kwamba sijawahi kumsikia akiita nyumba ile kwetu. Kwetu ya mama ilikuwa Tanzania, kwa wazazi wake. Sisi alituzalia humo, kila siku alifagia humo, na bado humo kulikuwa kwenu.

"Mutu hawezi karibisha mugeni mu nyumba yenye haiko yake," Nyogokuru akasema. "Ni kosa yangu, sikukuambiaka. Anza tena. Sema kwetu."

Mama akaanza tena, safari hii bila wimbo. "Mahoko, hapa ni..." Neno likamshinda. Nyogokuru akainuka na magoti yake mabovu, akamshika kiwiko, wakalizunguka jiko pamoja, yule mkongwe mbele kidogo. "Kwetu," mama akasema. Alikuwa analia waziwazi, na kuku kwapani ametulia tuli.

Giza lilipoanza kuingia wakampandisha Mahoko kwenye kichanja katikati ya wenzake waliokwisha kusinzia. Asubuhi wakatoka bandani wote. Yule mweusi alimdonoa mara moja, kwa ajili ya heshima tu, kisha akaenda zake kuchakura.

Baba akamtazama kuku, akamtazama mama yake. "Na dada zangu watakula nini?"

"Sambaza zimeisha mu ziwa?" Nyogokuru akamjibu, akitaja wale dagaa wa ziwani.

Ukubwani, daktari mmoja wa mifugo alinieleza kwamba kuku gizani haoni vizuri, hagombi, na akiamka na mwenzake kichanjani humhesabu kuwa wa kwao. Nilimwelewa, wala sikubishana naye. Hata hivyo nami nafuga sasa, na kila kuku mgeni namzungusha mbabula kwanza. Wanangu wananicheka, nami nawaacha wacheke.

Nyogokuru tulishamzika. Mama bado anaishi nyumba ile ile, na mwezi uliopita nilimuuliza kama kweli aliamini mambo ya moto.

"Ya kuku siyajui," akasema. "Ila mimi, siku ile ndiyo niliyohamia hapa."

Harusi yake ilikuwa imetangulia miaka mingi. Sikumkumbusha.