Unga kwenye Mkia wa Helikopta

Fundi wa helikopta pale uwanjani Kindu huupangusa mkia kwa mafuta ya taa, huukausha, kisha huupaka unga wa muhogo, vidole vyake vinene vikienda polepole kama vya mama anayempaka mtoto mafuta. Asubuhi ile tulikuwa tumeshapanda, tukipeleka chanjo Lubutu, naye bado akiupaka. "Fundi, unapikia chuma bugali?" rubani akamtania, akifunga vifungo vya koti lake la abakosti. "Kama iko na njaa, itasema, mukubwa." Fundi akangoja. Mafuta ya taa yaliyojificha ndani ya ufa usioonekana yakachora juu ya unga mstari mwembamba kama unywele. "Chuma imechoka. Kule juu ingekatika." Rubani akashuka, akautazama mstari ule. Fundi akatushusha mmoja mmoja kwa mkono. Tulifika Lubutu kwa lori, alama nyeupe za vidole vyake zingali kwenye blauzi yangu.