Nilimwelekeza Shimo Lisilo na Jiwe

Kosa ni langu, sitaki mtu anitafutie kisingizio. Nilimdanganya rafiki yangu kuhusu mahali nilipookota jiwe, na uongo huo umemwacha na mguu mmoja. Nimeficha jina kwa aibu tu.

Mimi ni mtu wa Arusha. Kabla sijaja Guangzhou, China, kununua viatu soko la Zhanxi, nilifanya kazi kwa dalali wa mawe, kwa hiyo jicho langu limezoea. Hamisi ni wa Tanga, mkubwa kwangu, msafirishaji wa simu. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Xiaobei. Siku tusizokuwa na mzigo wa kufunga tulipanda basi hadi vilima vya nje ya mji, kwenye mgodi ulioachwa zamani, tukachakura vifusi. Ugonjwa huo wa mawe mimi ndiye niliyemwambukiza.

Siku hiyo yeye alikaa kivulini anakula, mimi nikashuka hadi kijito kilicho chini ya kifusi. Nikapasua bonge la marumaru. Ndani yake kulikuwa na vijiti vyeupe vilivyofungamana, vinang'aa kama singa za mkonge. Nikadondosha tone la asidi. Marumaru ikatoa povu, vile vijiti vikatulia kimya.

Tuliporudi chumbani nikasaga chembe, nikachanganya na asidi na spiriti, nikawasha. Moto ukawa wa kijani. Hapo nikajua ni fluoboriti, madini ya ukoo wa boraksi ambayo wakusanyaji wengi huzeeka hawajayaokota kwa mkono wao.

Hamisi aliuona ule moto. Alifurahi kuliko mimi. Akaniuliza nimelitoa wapi.

Jamani, ningepungukiwa nini nikimwambia? Lakini choyo kilinishika. Nilitaka kile kijito kiwe changu.

"Kule juu, kaka," nikamwambia. "Ndani ya shimo la pili la mgodi."

Nilichagua shimo kwa sababu nilijua anaogopa giza. Nilidhani hatathubutu.

Alikwenda. Peke yake, mimi nikiwa Zhanxi nabishana bei ya viatu. Magharibi ilipoingia hajarudi, hakuna aliyehitaji kuniambia yuko wapi. Nilimwomba mwenye nyumba wetu aite waokoaji, nikaongozana nao. Walimtoa hai, lakini mwamba ulikuwa umemlalia mguu. Madaktari waliukata juu ya goti.

Alipozinduka aliomba koti lake. Akachomoa mfukoni jiwe jeupe, akaninyooshea.

"Mdogo wangu, ndilo lenyewe?"

Lilikuwa kalisaiti, jiwe la chokaa la kawaida kabisa. Nililijua hata kabla sijaligusa.

"Ndilo, kaka."

Akalia. Akamshukuru Mungu kwamba mguu wake haukupotea bure.

Uongo wa kwanza ulikuwa wa choyo. Huu wa pili niliuita huruma, na ndio ulionimaliza.

Alirudishwa Tanga. Kutoka huko akawa ananitumia ujumbe wa sauti, ananiita mwokozi wake. Anasimulia watu jinsi nilivyowaleta waokoaji. Jiwe lile ameliweka kwenye kabati la vioo sebuleni. Mimi huku milango ya lifti ikijifunga nasikia mawe yanakwaruzana. Nikiwasha jiko nageuza uso nisiuone moto. Jiwe langu halisi nimelifunga kwenye soksi, siwezi kuliuza wala kulitazama. Kwenye kile kijito sikurudi tena.

Ningenyamaza hivyo hivyo hadi kufa. Lakini mwezi uliopita alinitumia habari kwamba anamleta shemeji yake Guangzhou. Yeye mwenyewe hawezi kuingia tena, alisema, lakini shemeji ana nguvu na haogopi. Wataongeza mawe mengine kutoka shimo lile lile.

Nilimpigia simu. Nikamwambia shimo lile halina kitu, langu nililiokota kijitoni, na lake ni chokaa tu.

Nilisikia mkewe akiosha vyombo nyuma yake.

"Siku ile hospitali, nilipokuonyesha," aliuliza, "ulijua?"

"Nilijua, kaka."

Akakata simu. Hajanipigia tena, na hapokei nikimpigia. Shemeji yake hakuja. Hilo tu ndilo nililoliokoa.

Ndugu zangu mnaookota mawe, kila mtu ana kijito chake asichotaka kukigawa, naelewa. Lakini usimtajie mwenzako mahali pa uongo. Hapa Guangzhou mwenye duka akikunyima kitu hukwambia "meiyou", hakuna, nawe unakwenda duka jingine. Kama hutaki kusema, sema "sisemi". Mwenzako atanuna. Na anune mwaka mzima, lakini atanuna akiwa na miguu yake miwili.