Siku Kaa Wangu Alipotafuna Mbele ya Wazazi wa Mikumi

Jamani, hii nikiikumbuka hadi leo nafunika uso kwa mikono, hata nikiwa peke yangu chumbani, na peke yangu ndiyo hali yangu ya kawaida tangu nihamie Kilosa kufundisha baiolojia.

Chuoni nilisoma fahamu za kaa. Tumboni mwake kuna kifundo kidogo cha seli chache za fahamu kinachoendesha utafunaji (ndiyo, kaa ana meno tumboni, msinicheke), na ukikitoa ukakiweka kwenye sahani ya maji ya chumvi kinaendelea na mdundo wake chenyewe, tak, tak, tak, kama vile kaa bado yuko mezani anakula; halafu ukidondoshea dopamini, kemikali ambayo hata miili yetu inaitengeneza, seli zilezile zinabadili mwendo kabisa. Mimi hilo hunitoa machozi. Walimu wenzangu nikianza tu kulieleza, kila mmoja anakumbuka ana kipindi.

Isipokuwa Rehema, mwalimu wa Mikumi niliyekutana naye kwenye semina. Yeye aliuliza, "Kwa hiyo mtandao ni uleule, ila umebadilishiwa hali?" Nikasema moyoni, hatimaye nimepata mtu. Akaniombea nafasi kwenye siku ya wazazi shuleni kwao.

Nilifika na kifundo cha kaa kwenye sahani yake, nyaya za kunasa umeme mdogo wa seli zake, na spika ya kuugeuza kuwa sauti. Wazazi walishakaa, mkuu wa shule anaangalia saa, nikaona aah, kujaribu spika bila kaa ni kupoteza muda. Kosa lote lilianzia hapo.

Nikazamisha nyaya, nikawasha. Tak. Tak. Tak. Ukumbi kimya! Sijawahi kusikilizwa vile maishani. Nikadondosha dopamini, nikauliza kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi, "Mnasikia inavyoongeza kasi?"

"Ndiyooo!"

(Haikuongeza. Mimi nilisikia nilichotaka, wao wakaitikia kwa adabu.)

Makofi. Kichwa kikavimba, nikainua sahani juu ili walio nyuma waone, nyaya zikachomoka zikaning'inia hewani.

Tak. Tak. Tak.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema taratibu, "Mwanangu, mbona kaa umemwondoa na bado anatafuna?"

Mkuu wa shule ndiye aliyeelewa kwanza: nyuma ya ukumbi kulikuwa na uzio wa umeme wa kuzuia tembo wasiingie shamba la shule, na kila uliporusha shoti, nyaya zangu ziliidaka, spika ikalia tak; kaa hakuwemo kabisa. Watu walicheka hadi wengine wakasimama. Wanafunzi wakaanza kunipigia tak, tak kwa ndimi. Nikamtafuta Rehema kwa macho. Hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake, na hapo ndipo nilipoumia.

Wakati wa chakula alinisogelea, "Pole, Mwalimu, ni mambo ya kawaida," akaenda kukaa na wenzake.

Jumamosi iliyofuata, nyumbani kwangu Magomeni ya hapa Kilosa, nilirudia. Safari hii nyaya nilizizamisha kwanza kwenye maji matupu: kimya. Nikaweka kifundo: tak... tak... mdundo mzito, wa uvivu. Tone moja la dopamini, ukaamka, ukaharakisha, kishindo kimoja kikawa viwili vinavyopokezana, kweli kabisa, si kutamani kwangu. Nikageuka kwa furaha, "Unasikia?"

Nilikuwa nauambia ukuta.

Basi nimeapa, simwiti mtu tena kabla sijasikiliza maji matupu. Na huwa nayasikiliza, yanatulia, kila kitu kinakuwa tayari. Mtu wa kumwita ndiye sijampata.