Wifi Mwenye Paswedi

Nilipanga chumba cha uani Ndandalo kwa sababu mvua zilinikuta pale. Nilikuwa natoka Tunduma, nilikokuwa napakia mizigo, naelekea ziwani bila kazi yoyote iliyokuwa inaningoja, na barabara ikajaa maji. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane aliyepita miaka sitini, mwenye shamba la kakao lililoanzia nyuma ya jiko. Aliniuliza maswali mawili tu: kama nakunywa pombe, na kama nina watu. Nilijibu hapana kwa yote mawili. Jibu la kwanza lilikuwa na uongo kidogo.

Sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, kulikuwa na kisanduku cheupe chenye taa ndogo, ruta ya intaneti, na pembeni yake laptopu iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Vyote viwili viliachwa na marehemu mume wake, aliyekuwa karani wa ushirika. Mimi niliacha shule darasa la sita. Ada ilikuwepo na akili ilikuwepo, ila kukaa kulinishinda. Tangu hapo nimejifunza kwa kufungua vitu: redio, pampu za maji, simu, mashine ya kukoboa mpunga. Vingi nilivirudishia vikafanya kazi. Kila nilipoitwa sebuleni kunywa chai, macho yangu yalikuwa juu ya kabati.

Mama alikuwa na mtoto mmoja, binti, muuguzi katika nchi ya theluji. Binti huyo alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita, na baba wa mtoto hakuwepo. Mama hakupenda kulizungumzia hilo. Viza ya mama ilikuwa imekataliwa. Kwa hiyo kila Jumapili mchana walionana kwenye kompyuta, maana simu ya mama ilikuwa kitochi, ya sauti tu. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimeshadondoka lakini binti hakuwa amethubutu kumwogesha kwenye beseni. Alikuwa anampangusa kwa kitambaa na kulia. Mama alimwahidi kuwa Jumapili inayofuata atamwonyesha, hatua kwa hatua. Alikuwa ameshatengeneza mtoto wa kuonyeshea: khanga iliyoviringishwa, na papai bichi kwa kichwa.

Jumatano umeme ulirudi baada ya kukatika siku tatu. Mama akawasha kompyuta ili kujaribu, kisha akaja uani.

"Mwanangu, hebu njoo uangalie. Wifi amekata."

Alilisoma neno kama lilivyoandikwa, kama anavyomwita dada wa mumewe, na kulitendea kama mtu. Marehemu naye, aliniambia, alikuwa akitania: leo wifi yako amenuna, mwache kidogo. Sikujua kwamba alikuwa na wifi wa kweli, na kwamba huyo alikuwa amenuna mwaka wa pili.

Taa za ruta zilikuwa za kijani, zimetulia. Niliizima, nikahesabu hadi thelathini, nikaiwasha. Niliisogeza kompyuta karibu na kabati. Ilionyesha imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Mara ukatokea ujumbe mrefu wa Kiingereza. Kiingereza nakisoma, ila polepole, kwa kidole, na mama alikuwa amesimama nyuma yangu akiniamini. Niliona aibu. Nikaufunga ule ujumbe kana kwamba nimeuelewa.

Kisha nikafanya ninachofanya siku zote, nikaanza kubonyeza. Nilikuta jina la mtandao wao na chini yake amri ya kuusahau. Niliwahi kumwona fundi mmoja Mbeya akifanya hivyo: unausahau mtandao, unauunganisha upya, unakaa sawa. Nilichosahau ni kwamba dukani kwa yule fundi paswedi ilikuwa imebandikwa ukutani. Nikabonyeza. Kompyuta ikasahau papo hapo, halafu ikaniuliza paswedi.

"Mama, paswedi yenu ni ipi?"

"Ipo."

"Najua ipo. Ni ipi?"

"Naijua, ila siwezi kuitaja."

Nilidhani ananitilia shaka, kwamba mpangaji ataiba bando. Nikamwambia aingize mwenyewe, mimi nitageuka. Akatikisa kichwa, akakaa, akaanza kucheka kicheko kisicho na raha.

Paswedi ilikuwa jina la baba mkwe wake. Si lile la ubatizo, ambalo lipo kwenye karatasi zote za familia. Lilikuwa jina la utotoni, la nyumbani, ambalo wenye kulijua walikuwa wamebaki wawili duniani. Kwa mila ya Wanyakyusa mwanamke halitaji jina la baba mkwe wake. Akikutana na neno linalofanana nalo, analizunguka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jembe aliliita "kile cha kulimia" siku zote. Nilikuwa nadhani ni Kiswahili chake tu.

"Baba yenu alifanya makusudi," alisema, akimaanisha marehemu mumewe. "Aliniambia, nimeweka neno ambalo hata wapangaji wakikubembeleza hutawapa. Na kweli, hakuna aliyepata."

"Sasa si uliandike tu? Kuandika si kutaja."

"Kuandika si ndiyo kusema kimyakimya?"

"Basi niambie linaanza na herufi gani."

"Wewe mtoto mjanja! Unataka nilitaje kwa vipande."

"Mzee mwenyewe si alishafariki?"

"Alifariki kabla binti yangu hajazaliwa. Kwa hiyo?"

Nikarudi kwenye kompyuta. Nilijaribu neno jembe, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, kwa herufi kubwa na ndogo. Nilifikiria kuchoma sindano kwenye kile kitundu kinachoirudisha ruta ilivyotoka kiwandani, lakini karatasi ya chini yenye namba za kiwandani ilikuwa imeliwa na unyevu, na mkono wangu ulikuwa umeshaharibu vya kutosha.

Ijumaa binti alipiga kitochi. Nilikuwa uani nafua, dirisha liko wazi. Nilisikia mtoto akilia kule mbali, kilio chembamba, na mama akisema, "Shika kichwa kwa mkono wa kushoto. Hapana. Wa kushoto. Nitakuonyesha Jumapili, mwanangu, nitakuonyesha." Baada ya hapo alikaa na kitochi mapajani muda mrefu. Niliingia na mikono yenye povu nikamuuliza ni nani yule wa pili anayelijua jina.

"Wifi yangu. Yuko Lyulilo. Hatuongei."

Walikosana kwenye msiba wa marehemu. Wifi alitaka kaka yake azikwe ufukweni kwa baba yao. Mjane alimzika nyuma ya nyumba, penye kakao alizopanda mwenyewe, ili awe anamwona. Wifi aliondoka bila kunawa mikono wala kula.

"Nitume mimi," nilisema.

Kesho yake, Jumamosi, nilipanda bodaboda kupitia Ipinda hadi Matema, nikamalizia kwa miguu hadi Lyulilo. Mitumbwi ilikuwa inashusha vyungu vilivyofungwa kwa nyasi, na wanawake walivigonga kwa vidole kusikiliza kama vina ufa. Nilimkuta wifi nyuma ya usipa wake, dagaa wa ziwani, aliouanika juani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka ng'ambo. Nilimsalimia kwa Kinyakyusa changu cha kuokota. Mugonile. Akaniitikia huku ananikagua viatu.

"Nimetumwa na wifi yako wa Ndandalo."

"Mimi sina wifi. Nilikuwa naye, akamzika kaka yangu kwenye kakao kama paka."

Wanawake wa jirani wakacheka. Nilichuchumaa nikamweleza yote: mtoto, beseni, kompyuta, paswedi. Nilipofika kwenye jina akaacha kufukuza nzi.

"Yaani kaka alilifanya jina la baba kufuli?"

"Ndiyo."

Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Mshenzi yule! Na huyo wa Ndandalo hajalitaja?"

"Hata herufi ya kwanza amekataa."

"Na mjukuu anahangaika?"

"Anahangaika."

Kicheko kikamwisha. Akawa anapanga usipa ambao ulikuwa umeshapangwa. "Mimi ndiye niliyemfundisha," alisema. "Alikuja kwetu binti wa miaka kumi na tisa, nikamkalisha jikoni nikamnong'oneza jina mara moja tu, ajue cha kukwepa. Nikamwambia, usinitie aibu."

"Basi nitajie, mama, nirudi nalo."

"Nikutajie wewe? Wewe ni nani?"

Nilisema mimi ni mpangaji. Nilitafuta neno lingine sikulipata.

"Jina la baba yangu siwapi wapangaji," alisema. "Kesho nitakuja mwenyewe."

Jumapili alifika kabla watu hawajatoka kanisani, na usipa kwenye chungu kipya. Hakuingia ndani kwanza. Alizunguka nyuma ya jiko, akaenda moja kwa moja kaburini, akakaa huko kati ya kakao. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, hajui atangulie au angoje. Alipotoka huko wifi alimpa chungu. Hawakukumbatiana. Mama alimshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga fijo, mara nyingi kuliko chungu kilivyohitaji.

Tukakaa mbele ya kompyuta. Wifi hakujua kuandika kwa mashine, kwa hiyo ilibidi alitaje nami niandike. Alinisogelea, kisha akamgeukia mama.

"Wifi," alisema, "toka nje kwanza. Nataka kulitaja."

Mama alitoka. Alikwenda hadi kwenye ndizi za mbali, kule ambako hata kelele isingemfikia, akatugeuzia mgongo. Wifi akaninong'oneza. Sitaliandika hapa. Lilikuwa jina fupi, la kawaida, na nililiandika kwa kidole kimoja. Kompyuta ikakubali.

Lakini bado hakuna ukurasa uliofunguka.

Wifi alikuwa ameshatoka kumwita mwenzake. Niliwasikia wanakuja wakizungumza, na saa ya binti ilikuwa imekaribia. Ule ujumbe wa Kiingereza ukarudi. Safari hii niliweka kidole chini ya kila neno. Ulisema saa ya kompyuta iko nyuma. Niliangalia pembeni chini: ilikuwa nyuma miaka minne. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, na umeme ulipokatika siku tatu kompyuta ikaanguka kwenye tarehe ya zamani, ya wakati marehemu bado anakwenda kazini. Mtandao ulikuwa unaikataa kwa sababu hiyo tu. Nilirekebisha tarehe. Kila kitu kikafunguka kwa pamoja.

Paswedi haikuwahi kuwa tatizo. Ilikuwa ndani ya kompyuta tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyeitoa.

Binti aliita. Sura yake ilijaa kioo, ya mtu asiyelala.

"Mama! Na huyo nyuma yako ni nani?"

"Umenisahau? Ni mimi shangazi yako. Mbona umekonda hivyo, huko hakuna ugali?"

Binti akalia, akacheka, akalia tena. Mimi nilikuwa nimeshika kioo kikae wima.

"Na huyo mwanaume?"

"Mpangaji," alisema mama.

"Asante, kaka."

Nilitaka kusema kitu, ila wifi aliniwahi. "Kijana, hebu toka, mtoto anavuliwa nguo."

Nilikaa kwenye kizingiti. Nilisikia maji yakimiminwa ndani ya beseni la hapa na ndani ya beseni la kule. "Jaribu kwa kiwiko." "Kiwiko, si kidole!" "Wifi, papai lako limedondoka." "Acha lidondoke, mwenzake hadondoki." Kisha mtoto akalia, halafu akanyamaza, na wale wanawake watatu wakanyamaza pamoja naye. Nilijua yumo majini.

Walipomaliza walikwenda kula jikoni, wakaniachia kompyuta niizime. Ukurasa wa kupiga simu ulikuwa wazi, na mahali pa kuandika unayempigia pakiwa patupu. Nilikaa pale na vidole juu ya herufi. Sina jina la baba mkwe nililokatazwa kutaja, na hata yale niliyoruhusiwa sikupata moja la kuandika. Nikafunga kifuniko, nikakirudishia kitambaa chake.

Jioni, wifi alipokwisha kuondoka, mama alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Nilimwambia ukweli wote, nikiwa nimesimama, kwa sababu nilitegemea kuambiwa nitafute chumba kingine. Nilimwambia kuhusu ujumbe nilioufunga kwa aibu. Alisikiliza bila kuacha kuchagua.

"Kwa hiyo ilikuwa saa tu."

"Ilikuwa saa tu, mama."

"Na wifi yangu angekuwa kwake Lyulilo na usipa wake."

"Ndiyo."

Alipepeta mchele mara mbili. "Usimwambie," alisema. "Akijua imepona kabisa na haihitaji tena jina, Jumapili hatakuja."

Alikuja. Aliingia akipangusa vumbi miguuni, akaniuliza kabla ya salamu kama mashine imekaa sawa. Mama alikuwa mlangoni ananiangalia.

"Bado inasumbua, mama," nilisema. Nikafunua kompyuta ambayo haikuwa na kasoro yoyote, nikaiandaa, na walipokaa vizuri nikatoka.