Fleti ya Ghorofani na Kiha cha Mama

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kila siku, kupata nyumba Kigoma mjini ilikuwa kazi. Mashirika ya misaada yalikuwa yamechukua kila nyumba nzuri. Kwa hiyo nilipoonyeshwa fleti ya vyumba viwili ghorofani, imekarabatiwa, maji ndani, jikoni vigae vyeupe, niliitaka hata kabla sijaingia chumba cha pili. Dirishani unaiona bustani, stesheni ya reli iko karibu, na mabasi ya Mwandiga yanasimama chini pale. Shuleni nilikofundisha ningekwenda kwa miguu.

Mwenye nyumba alikuwa mtumishi wa serikali, amehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Tukaelewana nirudi Jumamosi kuchukua funguo.

Nilirudi na mama, ameshuka kutoka kijijini Kalinzi asubuhi ileile. Alifungua bomba la jikoni, akalifunga, akalifungua tena, akaniambia kwa Kiha kwamba mgongo wake sasa utapumzika kubeba ndoo.

Yule bwana alikuwa ameshanyoosha mkono wenye funguo. Akaurudisha.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu. Nitakaa naye."

"Anasema Kirundi."

"Ni Kiha, zinafanana tu. Kwao ni Kalinzi, hapo juu tu."

"Wote wanasema hivyo. Mimi sitaki matatizo na Uhamiaji. Kaa peke yako, au basi."

Mama akaanza kujieleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Mwanangu, mimi mwenyeji. Baba yangu kazikwa huko." Alikuwa anamwomba mtu mdogo kuliko kaka yangu, mikono ameikunja kifuani.

"Wewe umekuja juzi," nikamwambia. "Nani alikuuliza karatasi? Na hata angekuwa Mrundi, angekula kuta zako?"

Akafunga mlango.

Tulipata vyumba Mwandiga, maji ya kisima, choo nje. Hilo nililizoea. Ambalo sijamsamehe yule bwana ni kwamba tangu siku ile mama hakusema tena Kiha mjini. Hata ufukweni Kibirizi, akinunua dagaa kwa wanawake waliokuwa wakipiga soga kwa Kiha, alihangaika na Kiswahili. Siku moja hapo aliniuliza kitu kwa Kiswahili, nikamjibu kwa Kiha, kwa sauti ya juu, makusudi.

Akanifinya mkono. "Sema Kiswahili," akaninong'oneza. "Wanasikia."