Gari Yangu Ilivyokufa Kwenye Karatasi

Nakumbuka siku moja gari yangu ilitangazwa maiti huku injini yake ikiwa nzima kabisa, na muuaji nilikuwa mimi. Usicheke bado, mwanangu. Ngoja.

Ilikuwa gari ndogo nyeupe, nzee kuliko mutoto wangu wa tatu. Ndiyo iliyobeba vitenge vya mke wangu, Mama Zaina, kila siku ya soko mpaka Munigi. Bila ile gari, angerudi kubeba mizigo kwa kichwa, na shingo yake ilikuwa imekwisha kuchoka.

Sasa, huko Keshero, chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, imejaa makabichi, ikateremka bila breki, ikanigonga mbele. Taa moja ikavunjika, parishoki, ile bampa ya mbele, ikapinda. Basi, ni hayo tu. Mwenye chukudu akaniomba musamaha, akaokota makabichi yake yote. Hata moja hakuniachia! Lakini hiyo ni habari ingine.

Nilikuwa na asiransi, bima ya gari, ile kubwa, ya kulipa hata ukigongwa na mbuzi. Wakaniambia ekspere wao atakuja nyumbani Katoyi kuangalia gari. Hapo ndipo akili yangu iliponiponyoka. Wewe unatujua watu wa Goma: tangu volkano, mutu mwenye daftari akiingia kwenye parcelle, kiwanja cha mutu, kuandika walioharibikiwa, tunaficha sufuria nzima, tunatoa ile iliyotoboka, ili msaada uongezeke. Nikasema, kumbe na gari ni vilevile. Nikatoa matairi mazuri, nikafunga yale yaliyokwisha. Nikachomoa betri. Kiti cha nyuma nikakiweka chumbani. Nikamwaga mafuta machafu chini ya injini, halafu nikanyunyizia vumbi letu jeusi juu ya yote. Mimi mwenyewe nilipoitazama nilitaka kulia.

Ekspere akafika, kijana mupole mwenye miwani. Akazunguka, akatikisa kichwa, akaandika. Mimi nikatikisa kichwa pamoja naye. Akanipa karatasi, nikatia sahihi bila kusoma. Shule niliacha darasa la ine, lakini sahihi yangu ni ndefu, ina mikia miwili.

«Pole sana, Papa Ramazani,» akasema. «Gari hii ni epave, imekufa. Kuitengeneza ni ghali kuliko yenyewe. Kesho tutaivuta, nanyi mutapewa bei yake.»

Akaitaja hiyo bei. Mwanangu, ingetosha kununua chukudu.

Mama Zaina alikuwa mulangoni. Alisikia yote. «Ramazani,» akaniita, na jina langu tupu, bila Papa, haliitagi hivi hivi, «rudisha viungo vya maiti wako. Sasa hivi. Na wewe mutoto wangu mwenye miwani, keti hapa, kunywa chai.»

Nikafunga matairi, moja moja, jasho likinitoka. Nikaleta kiti. Nikarudisha betri. Ekspere ananitazama tu, kikombe mukononi. Mama Zaina akaingia, akawasha. Gari ikakohoa mara mbili, ikanguruma.

«Mama, hii ni miujiza!» kijana akasema.

«Si miujiza, mutoto wangu. Ni bwana yangu.»

Kijana alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye chai. Kisha akanigeukia, hacheki tena. «Muzee, gari ikizeeka, taa moja tu inaweza kuifikisha kwenye epave. Iko ukingoni tayari. Na wewe unaisukuma?» Nikamwomba musamaha kama yule wa makabichi. Akachana karatasi, akaandika ingine: taa na parishoki. Ndiyo maana mpaka leo ina jicho moja jipya na moja la zamani, na shingo ya Mama Zaina imepona.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Gari yako nzee ikiguswa, ionyeshe vile iko, usiongeze, usipunguze. Uliza mapema: mukisema imekufa, nani atabaki nayo, na kwa bei gani? Karatasi usiyoielewa, usiitie sahihi, hata kama sahihi yako ni nzuri. Mupe mwenye kusoma akusomee, hakuna haya. Na kama umekwisha kudanganya, sema kabla camion ya kuivuta haijafika.

Mungu akupe barabara bila mashimo, akuepushe na chukudu zisizo na breki, na akupe mutu nyumbani wa kukuita kwa jina lako tupu siku utakapokosea. Amina.