Baba mkwe Mskoti aliimba mezani, mama yangu wa Tanga akasema hicho ni kijembe

Wakuu, hamjambo humu ndani. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijakiokota kwa mtu. Kimetokea hapa Toronto msimu huu wa baridi na wahusika wote wapo, wakitaka kunibishia wanibishie.

Nijitambulishe kidogo ili mnicheke vizuri. Kabla sijaja huku nilikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari, Tanga mjini. Nimewafundisha watoto wa watu tenses mpaka wakanichukia. Kiingereza mimi nilijiona nimekimaliza.

Basi nikapata mchumba, anaitwa Kirsty. Mzaliwa wa hapahapa, ila baba yake, Mzee Dougie, ni Mskoti wa Scotland kabisa. Alikuja Canada kijana akiwa fundi bomba, sasa amestaafu. Mkewe alishafariki na binti ndiye huyo mmoja tu.

Nikamleta mama yangu kutoka Tanga aje awaone wakwe na kutoa neno lake la baraka. Kwetu bila neno la mama hakuna ndoa, na Kirsty nilishamweleza akaelewa. Tarehe ya harusi tukaiacha wazi tukimsubiri yeye.

Sasa lazima mjue mama yangu ni mtu gani.

Ujana wake wote ameumalizia kwenye kikundi cha taarab cha akina mama. Mtaa wa pili kulikuwa na kikundi kingine, mahasimu wao. Wale hawakutukanana hata siku moja, waliimbiana tu. Mmoja akinunua kabati jipya, wenzake wanatunga wimbo wa kabati. Mwenye kabati anajua ni yeye, na mtaa mzima unajua ni yeye. Kwa mama yangu hakuna wimbo usio na mwenyewe.

Jumapili ya kwanza tukaalikwa chakula cha mchana kwa Mzee Dougie. Kutoka kwangu Crescent Town ni dakika kumi kwa miguu, lakini na mama kwenye barafu tulitumia nusu saa. Makoti mawili, na kanga juu ya makoti.

Chakula kikaenda vizuri. Mama alisifia nyama ya kondoo kwa vitendo, akalalamikia chumvi kwa Kiswahili huku anatabasamu.

Tulipomaliza kula, kumbe wenzetu wana desturi yao. Mgeni akija, mwenye nyumba anaimba, palepale mezani, bila gitaa bila nini. Mzee akasukuma kiti nyuma, akafumba macho, akaanza.

Wakuu, beti kumi na nne. Nilihesabu.

Na sikuelewa hata sentensi moja! Mimi! Mwalimu! Unasikia neno moja unalolijua, unalikimbilia, ukifika limeshaondoka na wenzake.

Tune yenyewe ilikuwa ya furaha, Kirsty anagonga meza kwa vidole. Mama akaniinamia. "Anasema nini?"

Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Anatukaribisha, mama."

"Beti zote hizo, karibu tu?"

"Ni watu wakarimu sana."

Kufika nyumbani bado hajaridhika, anataka maneno. Nikamwomba Kirsty. Naye tune anaijua tangu utotoni lakini maneno nusu hayajui, sawa na watoto wetu wa huku, unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Akanitumia picha za daftari la marehemu bibi yake, mama wa Mzee Dougie, wimbo wote umo kwa mwandiko wa mkono.

Nikakaa na kamusi za intaneti jioni mbili. Kile si Kiingereza, tusidanganyane. Ni ndugu yake Kiingereza aliyelelewa kwa bibi. Bairn ni mtoto. Ken ni kujua. Kirk ni kanisa. Na hata maneno ukishayajua, wimbo unaruka. Ubeti huu watu wako malishoni, unaofuata mtu keshakufa, nani kamuua huambiwi.

Hatimaye nikaupata. Binti wa mchunga kondoo anapendwa na mgeni wa nchi ya mbali, anaondoka naye kwa meli. Mama yake kila jioni anauacha mlango bila komeo. Miaka inapita. Majani yanaota kizingitini. Basi, mwisho. Halafu kiitikio cha furaha kinarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Kosa langu ni kumsomea mama yote. Si ningenyamaza tu jamani!

Akavua miwani. "Hicho ni kijembe."

"Mama, ni wimbo wa zamani sana."

"Hata uwe wa lini. Kwa nini kachagua huo? Mgeni wa mbali pale mezani ni nani, mimi? Anakuita mwizi wa mabinti, mwanangu, tena mimi mama yako nimeshika kijiko chake mkononi!"

"Lakini alifumba macho. Hakumtazama mtu."

"Eee! Kafumba ili asionekane anamtazama nani. Yule ni mzoefu."

Sasa mtu kama huyo utabishana naye nini?

Akatangaza kwamba neno la baraka halitoki. Haendi kumwozesha mwanawe mahali anaposimangwa kabla hata ya ndoa. Siku tisa, wakuu. Kirsty anapiga simu kuuliza mama kasemaje kuhusu tarehe, mimi najibu bado anapumzika uchovu wa safari. Yule binti nampenda kweli, na mama siwezi kumruka.

Siku ya kumi mama mwenyewe akasema turudi kwa Mzee. Nikafurahi mno. Kumbe mwenzangu ametunga jibu.

Jumapili hiyo alivaa kanga yenye maandishi ambayo nikiyaweka hapa mods watafuta uzi. Akala, akamaliza, akafuta mdomo. Akasukuma kiti nyuma vilevile kama Mzee, ila yeye macho kayatoa wazi, anamtazama usoni:

Mgeni umemwalika, mbona wampa kisogo
Kama hutaki udugu, ya nini hiyo mikogo

Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Dougie akachangamka kama kapewa zawadi. Akagonga meza, akaomba arudie. Mara ya tatu kiitikio alishakishika, anaimba "ya nini hiyo mikogo" kwa lafudhi yake ya Kiskoti, kwa nguvu zake zote, na Kirsty naye yumo. Mama akapotea kabisa. Miaka yote ile ya mashindano hajawahi kuona anayeimbwa ndiye anayeitikia.

Mzee akanigeukia, anataka maana.

"Anashukuru kwa chakula," nikasema.

Kirsty akaweka uma chini. "Umeshika sikio," akaniambia. "Wewe ukidanganya unashika sikio. Sema kweli."

Nikasema. Kikundi, kabati, kijembe, mgeni wa mbali, na baraka iliyozuiwa. Kirsty akawa mwekundu mpaka shingoni. Nikajua harusi yangu ndiyo imeishia pale, kati ya viazi na mchuzi.

Mzee akaanza kuongea polepole, Kiingereza cha kunihurumia mimi. Akasema kwao wimbo haumlengi mtu. Ni hadithi, unaipokea na unaipitisha. Huo aliupokea kwa mama yake. Wiki aliyokuwa anafunga mizigo kuja Canada, mama yake aliuimba kila siku akiosha vyombo, ndiyo ukamkaa kichwani. Mama huyo alifariki kabla mwanawe hajarudi hata mara moja. Tangu hapo wageni wakija anawaimbia, kumkumbuka tu.

Nikamtafsiria mama.

"Muulize," akasema, "kabla ya wiki hiyo mama yake alikuwa akiuimba?"

Nikauliza. Mzee akafikiri sana. Hapana, akasema. Mama yake alikuwa mtu wa nyimbo za kuchekesha. Ule ilikuwa wiki ile tu.

"Basi mwambie alikuwa anaimbiwa yeye."

Nikatafsiri. Mzee akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo ameuimba kwa kila mgeni, akidhani ni wimbo tu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake hakugeuka hata mara moja kutoka kwenye vile vyombo. Halafu akalia, wakuu. Mzee mzima, mbele ya wakwe. Kirsty akaenda kumkumbatia.

Alipotulia akaniuliza mama yangu amejuaje.

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Mwambie na mimi niliimba," akasema. "Wiki ile uliyokuwa unafunga mizigo wewe."

Nikakumbuka palepale. Aliimba jikoni asubuhi mpaka jioni, wiki nzima. Na mimi nilitoka chumbani nikamwambia apunguze sauti, nilikuwa naongea na simu.

Ile sentensi niliianza mara tatu ndipo nikaimaliza kwa Kiingereza.

Mama akainuka, akahamia kiti cha upande wa Mzee, akatoa neno lake la baraka palepale. Refu, na la kweli. Harusi ni kiangazi hiki. Na msidhani amekubali kwamba alikosea. Anasema kijembe kilikuwepo, yeye alikosea mlengwa tu. Mzee Dougie naye amenogewa, anataka amtungie wimbo jirani yake asiyezoa theluji mbele ya nyumba.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi msomi nilipekua maneno yote ya wimbo ule, moja baada ya jingine, nikaambulia habari za kondoo na meli. Mama hakujua neno hata moja, na ndiye aliyeuliza swali lenyewe: nani aliuimba, lini, na nani alikuwa anafunga mizigo.

Haya, tiririkeni. Mliotoka nyumbani mkamwacha mtu anaimba jikoni, njooni mseme ulikuwa wimbo gani. Mimi wangu sikumbuki hata ubeti mmoja. Mama yuko chumba cha pili hapa, na kumuuliza bado nashindwa.